Zamu Aliyoikataa Guleid

Kwa miaka kumi na mmoja niliuza betri na tochi katika soko la Garissa, na kibanda kilichopakana na changu kilikuwa cha Guleid, fundi wa redio. Kati yetu palikuwa na bati moja tu, tena limetoboka, kwa hiyo msinishangae nikijua mengi. Yale ambayo tundu lile halikunipa nilielezwa na mkewe Saado mwenyewe, miaka mingi baadaye. "Simulia," aliniambia. "Mimi nimechoka kuibeba peke yangu." Basi nasimulia, na ninyi mnivumilie, maana sijui kufupisha.

Guleid alizaliwa upande wa Griftu, kwenye ngamia na vumbi. Ukame wa mwaka wa themanini na nne ulipomaliza mifugo ya baba yake, alidandia lori la mbuzi mpaka Garissa akiwa na shuka moja na redio iliyokufa. Akaifungua redio ile kwa ncha ya kisu, akaifunga, akaifungua tena. Alifanya hivyo kwa wiki kadhaa, mpaka asubuhi moja ikakohoa na kusema habari za saa moja. Huo ndio ulikuwa uhitimu wake. Darasa la umeme hakulikalia hata siku moja.

Alichokuwa nacho ni masikio, subira na pua. Ndiyo, pua. Kabla hajashika bisibisi, alikuwa anakiinua kile chombo mpaka usoni na kukinusa, kama mama anavyonusa maziwa yaliyolala. "Waya ulioungua una harufu yake," alikuwa akisema, "na mkojo wa panya una yake. Mwenye redio ataniambia haikuanguka, haikumwagikiwa, ilizima tu yenyewe. Redio haijui kusema uongo."

Juu ya mlango aliandika kwa rangi nyekundu HOSPITALI YA REDIO. Siku moja nikamtania kupitia tundu letu, "Daktari, hospitali kubwa namna hii mbona haina mochari?"

"Mochari iko kwako, ndugu yangu," akanijibu bila kuinua kichwa. "Si wewe unayeuza betri za maiti?"

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Mtu wa maneno machache, lakini hayo machache yalikuwa na chumvi.

Alikuwa na dada mmoja, Weris, mkubwa wake. Weris aliozwa Kismayu angali msichana, kabla hajachukua kitambulisho cha huku, akakaa huko miaka kumi na mitano. Vita vilipomchukua mumewe, alitembea kwa miguu na watoto wanne mpaka mpakani. Nchi iliyomzaa ikampokea kwa kadi ya mkimbizi, akapewa hema na sahani kule Ifo, moja ya kambi za Dadaab. Guleid alikuwa akipanda kwenda kumwona kila alipopata lori, na kila alipokwenda alirudi akiwa mzito zaidi. Kilichomlemea ni Naimo, bintiye Weris wa pili, msichana wa miaka kumi na minne. Macho ya Naimo yalikuwa yanafifia. Daktari mmoja mgeni alimpima pale kambini akasema ugonjwa ule una tiba, ila tiba yenyewe iko nchi za baridi, na usipotibiwa ndani ya mwaka mmoja au miwili, basi tena.

Kwa hiyo mlango ulipofunguka, mtaelewa walivyoushika kwa mikono miwili. Shirika moja la misaada, jina lake tuliache, lilianza kuhoji familia za kambini ambazo zingepelekwa nchi za mbali. Ofisi ilikuwa hapa mjini, karibu na mto. Afisa wake alikuwa mama mmoja wa Meru, Nkirote, mwenye miwani ya kamba na moyo wa kusikiliza. Alihoji familia thelathini na tisa, ya Weris ikiwemo, na kila familia akaipigia chapa mahojiano yake kwenye kompyuta ndogo ya kupakata, ile inayokunjwa kama kitabu. Mjini kote tulikuwa hatujaona nyingine kama hiyo. Na aliyefagia ofisi ile, akachemsha chai, akafuta vumbi juu ya kompyuta hiyo kila asubuhi, alikuwa Saado, mke wa Guleid.

"Dada yako yumo mle ndani," Saado alikuwa akimwambia mumewe. "Mimi ndiye ninayemfuta uso kila siku."

Halafu zikaja mvua za mwisho wa mwaka wa tisini na saba. Mliokuwepo mnazikumbuka. Tana ilitoka kitandani ikaja kulala madukani. Barabara ya Nairobi ikakatika, ya Dadaab ikakatika, tukabaki kisiwani, sisi watu wa jangwa. Maji yaliingia ofisi ya Nkirote mpaka magotini, na karatasi zote zilizokuwa kwenye droo za chini zikawa uji. Kompyuta ilinusurika kwa sababu ilikuwa juu ya kabati.

Jumatano moja, wiki mbili kabla ya Ramadhani, Nkirote alikuja sokoni akiwa amekunja sketi na kushika viatu mkononi. Kifuani alikumbatia mfuko wa nailoni kama mtoto mchanga.

"Fundi, niokoe," akasema kabla hata ya salamu. "Haiwaki."

"Haiwaki kabisa, madam, au inawaka vibaya?"

"Inawaka vibaya. Nabonyeza, taa inakuja, inaguna kidogo, halafu inaandika mstari mmoja mweupe na kusimama hapo hapo. Tangu jana asubuhi. Jumamosi iliyopita ilikuwa nzima!"

Akaeleza yaliyobaki, nami nikasikiliza kwa sikio langu lote kwenye tundu. Ijumaa saa tano ingetua ndege ndogo ya dawa, na mahojiano yote yalitakiwa kupanda ndege hiyo. Nairobi walikuwa wanafunga orodha Jumamosi. Karatasi ziliharibika, kambini hakufikiki, na kumsimulia mtu maisha ya familia thelathini na tisa kwa redio ya upepo, neno kwa neno, kungemaliza mwezi. Kuwapelekea mashine mbovu waitengeneze wao, ingekaa kwenye foleni mpaka orodha ifungwe.

"Ukishindwa niambie sasa," Nkirote akasema. "Sitakulaumu. Hii si redio."

"Kila kitu ni redio, madam," Guleid akamjibu. "Nipe."

Aliiweka mezani, akafungua skrubu sita ndogo kama mbegu za ufuta, akazipanga juu ya kitambaa kwa mpangilio wake. Akainua kifuniko cha kibodi. Akainamisha pua.

Nilimwona akiacha kunusa. Akanusa tena, taratibu, macho amefunga. Akaweka kidole kwenye feni ile ndogo ya ndani, akakivuta, na kidole kikatoka na uzi mwembamba wa kahawia unaonata. Akaupeleka kwenye ulimi.

"Umeona nini?" Nkirote akauliza.

"Unyevu," akasema Guleid. "Niachie mpaka kesho."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema uongo kuhusu mashine.

Alifunga duka saa sita mchana, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akaenda nyumbani. Yaliyosemwa huko ni Saado aliyenisimulia. Guleid alimkuta akipepeta mchele, akasimama mlangoni na viatu vyake vya matope.

"Saado, kompyuta ya madam umeifanyia nini?"

Saado aliacha ungo. "Kwani imekuwaje?"

"Inanuka arusi."

Hapo Saado mwenyewe akacheka, maana hakujua. Wageni wa mambo yetu niwaeleze kidogo. Mwanamke wa Kisomali ana chetezo chake, dabqaad, cha kufukizia nyumba na nguo. Anapika unsi wake mwenyewe kwa ubani, udi, manukato na sukari, kila mmoja na siri yake. Nguo ya heshima hutandazwa juu ya tenga lililopinduliwa, chetezo chini yake, moshi ukaingia mpaka kwenye nyuzi. Mgeni wa heshima naye hufukizwa. Ni mapenzi hayo, na ni adabu.

"Ilikuwa inanuka ukungu," Saado akasema. "Ofisi yote inanuka mbuzi aliyenyeshewa. Jumatatu madam alikuwa kwenye mkutano kwa mkuu wa wilaya. Nikaifungua vile anavyoifungua yeye, kama kitabu, nikailaza kifudifudi juu ya tenga. Nusu saa tu. Jina la dada yako liende Ulaya likinuka ukungu? Watu waseme nini?"

"Unsi gani ulitumia?"

"Ule mzuri. Wa Idi."

"Una sukari?"

"Unsi gani hauna sukari, Guleid?"

Guleid alikaa chini kwenye kizingiti, akamweleza polepole kwamba moshi wa sukari ukipoa unakuwa gundi, na kwamba makaa yaliipika mashine toka chini, upande ule ule ilipo diski inayotunza maneno. Saado akatafuta mtandio wake.

"Naenda kumwambia madam mwenyewe."

"Kaa."

"Guleid, mimi si mwizi. Nitasema."

"Utasema, atakufukuza, hilo dogo. Kambini na mjini watajua ni nani aliyewazibia njia. Familia thelathini na tisa, Saado. Mtoto wako atapita vipi sokoni? Kaa. Nitaisafisha. Ikipona, hakuna kilichotokea."

Na Saado akakaa. "Hapo ndipo nilipokosea mara ya pili," aliniambia. "Mara ya kwanza nilikosea kwa mapenzi. Ya pili ilikuwa woga."

Alhamisi kutwa Guleid hakupokea mteja. Alikuwa na chupa ya spiriti ya hospitali, pamba, na kijiti cha mswaki alichokichonga ncha. Alifuta kila mahali meno ya shaba yanapokutana, akafuta feni ubawa kwa ubawa, akavuta ile diski, ndogo kama sanduku la kiberiti kubwa, akasafisha sindano zake moja moja. Akairudisha. Alasiri ilipofika, aliibonyeza.

Ikawaka! Niliona mwanga wa buluu usoni mwake nikapiga ukelele. Lakini yeye alikuwa ameinamisha sikio.

"Unasikia?" akaniuliza.

Nikasikia. Tik. Kimya. Tik, tik.

"Ndani kuna sahani inayozunguka, na kidole kinachosoma, kama sindano ya santuri," akasema. "Kinakwama. Hapo sifungui, hapo pamefungwa na wenyewe."

Baada ya dakika ishirini kompyuta iligoma tena. Guleid akaigusa chini akakuta ina joto, akachukua gunia, akaliloweka, akaliviringisha kwenye mtungi wa plastiki wa lita ishirini wenye maji, vile tunavyopoza maji ya kunywa, akaiweka mashine juu ya mtungi penye upepo, nailoni katikati isilowe. Ikapoa. Ikawaka tena. Akaizima upesi, kama anayeogopa kummaliza mgonjwa kwa kumwongelesha.

Nkirote alipokuja, alimwambia ukweli, nusu yake. "Madam, hii itaamka mara moja, labda mbili. Ikipata joto inakufa, na nadhani itakufa moja kwa moja. Kesho alfajiri, kabla ya jua, nitaiweka juu ya maji. Wewe uje na flopi zako, unakili familia moja baada ya nyingine mpaka itakapofika. Usiizime katikati. Usifungue kitu kingine. Na ujue inaweza isifike mwisho."

"Familia moja itachukua muda gani?"

"Na ugonjwa huu? Dakika tano, sita."

Nkirote alihesabu kimoyomoyo, nikaona midomo yake ikisimama.

Ijumaa alfajiri, baada ya swala, kibanda cha Guleid kilijaa. Habari ilikuwa imeenea. Walikuja jamaa wa familia zilizomo, wale waliokwama mjini kwa mafuriko, na mbele yao Maalim Salat, mwalimu wa Kurani kutoka Ifo, mzee mwenye ndevu za hina, ambaye naye alikuwa kwenye orodha na wajukuu wake. Kompyuta ilikuwa juu ya mtungi. Nkirote kakaa kwenye kigoda, flopi mapajani.

Fujo ikaanza mara moja. Huyu alitaka watu wa ukoo wake waanze, yule akasema yeye ana mgonjwa, mwingine akasema ana wagonjwa wawili. Nkirote akapiga makofi.

"Tutafuata alfabeti! A mpaka Z, kama zilivyopangwa humu. Herufi haina ukoo."

Wakanyamaza. Kisha Maalim Salat akainua fimbo yake.

"Madam, mimi nakubali hiyo, lakini iko neno moja. Kwetu, mtu nachimba kisima, ngamia yake nakunywa ya kwanza. Hata kama ni mtu ndogo, hata kama mkubwa nasimama hapo na kiu. Hii ni sheria ya zamani. Guleid nachimba hii kisima siku mbili. Dada yake iko ndani. Herufi yake ni ya mwisho mwisho. Yeye nakunywa kwanza, baadaye sisi nafuata hiyo A yako."

Na jambo la ajabu, ndugu zangu, hakuna aliyepinga. Watu waliokuwa wanataka kung'oana macho waliitikia, "Haa, waa run, ni kweli." Kisima kila mtu anakielewa. Nkirote alimgeukia Guleid huku kidole chake kimeshafika karibu na kibodi.

"Weris, sio? Ni dakika tano tu, fundi. Nianze naye?"

Nilikuwa nimesimama upande wake. Nilimwona akifungua mdomo. Jasho lilikuwa linamtiririka alfajiri ile ya baridi. Mimi nilidhani ni unyenyekevu, na watu wote walidhani hivyo. Nilikuja kuelewa Saado aliponieleza Guleid alichomwambia mchana ule: "Ningekunywaje kwanza? Kisima tulikifukia sisi wenyewe."

"Fuata herufi," Guleid akasema.

"Warya, Guleid!" Maalim Salat akamkemea. "Haki yako unaitupa?"

"Fuata herufi, Maalim. Jua linapanda."

Wakaanza. Sasa, mtu yeyote aliyeishi kwetu anajua kasoro ya A. Abdi, Abdiqani, Abdisamad, Adan, Ahmed, Ali, Ali mwingine, Amina. Saa nzima ikaisha, tukawa bado kwenye herufi ya kwanza. Kijana mmoja akasema, "Madam, Wasomali wote ni A, funga tu ofisi," tukacheka kidogo, kicheko chembamba. Tik, tik, inaendelea. Guleid alikuwa akimwagia gunia maji kwa kikombe, matone kwa matone, na kupepea kwa kifuniko cha sanduku. Kila familia ikimalizika, Nkirote alitaja jina, na mwenyewe nyuma akajibu "Alhamdulillahi" na kutoka nje akiwa mwepesi.

Saa moja. Saa mbili. H ikaisha. Mawingu, ambayo wiki sita yalitunyeshea bila huruma, asubuhi hiyo yaliamua kufunguka. Jua likapiga bati. Tuliihamishia meza nje kivulini, waya ukinyooshwa, mtungi na yote. Saado alikuja na ndoo mbili za maji kutoka nyumbani, akaziweka chini, akasimama kando akiuma ncha ya mtandio. Hakumtazama mumewe, na mumewe hakumtazama.

K. M. Saa tatu na nusu. N. Familia moja sasa ilichukua dakika kumi. R. Guleid aliweka kiganja chini ya mashine, na sura yake ikanieleza joto lilivyokuwa.

"Salat," Nkirote akasoma. Tukangoja. Tik. Tik, tik, tik. Mstari ukasogea, ukasimama, ukasogea. "Salat, imeingia!"

Mzee aliinua mikono juu, machozi kwenye ndevu. "Alhamdulillahi Rabbil..."

Hakumaliza. Ndani ya kompyuta palitoka sauti kama ya ukucha kwenye sufuria, ndefu, kisha kimya. Skrini ikabaki na mstari mmoja mweupe.

Walibaki wanne: Shurie, Ubah, Weris, na mzee Yusuf wa Hagadera.

Guleid alifanya yote aliyoyajua. Aliiacha ipoe, akaizungushia gunia, akaigonga ubavuni kwa kidole vile anavyogonga redio, akaiinamisha, akanong'ona nayo. Saa nne na nusu dereva wa Nkirote akaanza kupiga honi. Saa tano tulisikia ndege. Nkirote aliondoka na flopi zenye familia thelathini na tano, analia bila kujificha, akisema atawaombea wale wanne kwa barua.

Barua aliiandika, hilo nalishuhudia. Jibu lilikuja mwezi wa pili, mistari mitatu: awamu imefungwa, waombaji wasubiri awamu nyingine. Awamu nyingine haikutajwa ni lini. Miezi michache baadaye ofisi yenyewe ilihamishwa.

Baada ya Idi barabara ya Dadaab ilifunguka, na Guleid akapanda lori kwenda Ifo. Alikaa huko siku moja tu. Nilimuuliza aliporudi habari za huko, akasema salama. Haya ninayowapa sasa alimpa Saado, na Saado akanipa mimi.

Weris alimpokea kama anavyopokelewa ndugu. Akampikia wali wa mgao na kipande cha nyama ambacho sijui alikitoa wapi. Alingoja mpaka kaka yake aliponawa mikono. Kisha akauliza, sauti yake ya kawaida kabisa:

"Walaal, ndugu yangu, ni kweli walikupa zamu ya kwanza?"

Guleid akafuta mikono yake kwenye pindo la koti.

"Maalim Salat alipita hapa kuaga. Wanaondoka mwezi ujao. Aliniambia mbele ya watu wote: dada, kaka yako tulimpa haki ya kisima, akaikataa. Nikamwambia unasema uongo, Maalim. Akaapa."

"Ni kweli."

"Dakika tano, alisema."

"Dakika tano."

"Kwa nini?"

Fikirieni mtu huyo amekaa kwenye mkeka. Upande mmoja dada yake, upande mwingine mke wake aliye mbali, na neno moja likitoka kinywani litamwokoa kwa huyu na kumchinja yule. Alisema, "Niliona haya mbele ya watu."

"Haya." Weris alilirudia neno hilo kama anayelipima uzito. "Nilitembea siku kumi na tisa na watoto hawa, Guleid. Mmoja mgongoni. Niliomba maji kwa watu waliotuua. Sikuona haya. Wewe umekaa Garissa na bisibisi yako, ukaona haya."

"Abaayo, dada..."

"Sijakugombeza. Nilitaka tu kujua macho ya mwanangu yamekwenda kwa bei gani."

Weris akageuka, akaita, "Naimo! Mlete mjomba wako chetezo. Mgeni hatoki kwangu hivi hivi."

Msichana alitoka nyuma ya pazia amebeba chetezo cha udongo, makaa yanaonekana mekundu ndani. Alitembea akigusa nguzo ya hema kwa kiwiko, kisha mkeka kwa ncha ya mguu, mpaka akafika miguuni pa mjomba wake. Akapiga magoti, akapapasa kopo, akadondosha chembe tatu.

"Ni ule aliotutumia shangazi Saado," Naimo akasema, anatabasamu upande ambao mjomba hakuwepo. "Mama alikuwa ameuficha. Alisema tutajifukiza siku ya safari."

Moshi ukapanda, ubani na udi na sukari. Naimo akainua pindo la koti la Guleid kwa vidole viwili, kwa adabu, akausukuma moshi uingie. Guleid hakuweza kumzuia. Alikaa pale, mikono magotini, akafukizwa mpaka makaa yakazima.

Aliingia nyumbani Garissa jioni ya siku ya pili akiwa bado ananukia. Saado alisikia harufu ile kabla hajamwona mtu. Alichukua chetezo chake mwenyewe, kile alichokuja nacho siku ya arusi, akakipeleka mtoni akakitupa. Tangu hapo nyumba ile haikufukizwa tena, hata Idi, hata mtoto wao alipooa, na majirani wakasema Saado amekuwa mchafu.

Na Guleid? Aliendelea na redio zake. Lakini pale kwenye tundu letu niliona jambo moja. Mtu akileta chombo, alikiweka mezani na kushika bisibisi moja kwa moja. Hakunusa tena.